Kizuri Chajiuza, Lakini Pesa Zinamfikia Nani? Somo kuhusu Sanaa na Utamaduni Wetu

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wachongaji, wanamuziki, vikundi vya ngoma, walimu, wenye hoteli na kila mwananchi anayejali urithi wa Abagusii katika kaunti za Kisii na Nyamira. Ukilimaliza utaweza:

• kupiga hesabu ya bei ya kazi ya sanaa kabla ya kuiuza;
• kueleza sheria inalinda nini na jinsi ya kuitumia;
• kujua tarehe za bajeti na kuandika pendekezo linaloeleweka;
• kuanza kuhifadhi maarifa ya wazee kabla hawajatuacha.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa kabla sijaingia katika kazi hii ya mawasiliano, nilipewa jukumu la kutafuta zawadi za wageni wa mkutano mmoja mjini Kisii. Nilikwenda dukani, nikanunua saa za plastiki za kutundika ukutani, nikazibandika majina ya wageni. Mkutano ulipokwisha, mgeni mmoja alinivuta kando. Alitaka kujua angepata wapi bakuli la jiwe la Kisii, kwa sababu mkewe alikuwa amemwagiza. Ilikuwa jioni na gari lake lilikuwa linaondoka. Nilimwonyesha kwa mkono upande wa Tabaka. Akapanda gari na saa yake ya plastiki.

Siku hiyo mchongaji mmoja alikosa mauzo na fundi wa saa wa nchi ya mbali akayapata. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, iwapo mnunuzi anakiona, anajua kimetoka wapi, na pesa zinamrudia aliyekitengeneza. Somo hili linahusu mambo hayo matatu.

1. TULICHO NACHO

Jiwe la sabuni linachimbwa Tabaka, eneo la Mugirango Kusini. Ni laini kiasi cha kukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu, tindo na tupa. Lina rangi nyingi: jeupe, la kijivu, la waridi, la manjano hafifu na hata jeusi. Baada ya kuchongwa, kazi hulowanishwa na kusuguliwa kwa msasa, huanikwa, kisha hupakwa rangi au nta. Kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga, na akina mama huosha, husugua na kung'arisha. Kwa hiyo bakuli moja dukani limepita katika mikono ya watu kadhaa, na bei yake inapaswa kuwalisha wote.

Jiwe hili limefika mbali. Mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, ndiye aliyechonga sanamu ya ndege wa amani iliyoko katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa kuonyesha utamaduni wake katika tamasha la Smithsonian mjini Washington, Marekani, yeye alikuwa miongoni mwa wasanii waliochonga mbele ya umati.

Pamoja na jiwe tuna obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito inayovuma. Wasanii wa sasa kama Grandmaster Masese wamekipeleka kwenye majukwaa ya vijana pamoja na mashairi. Tuna ngoma ya ribina ya akina mama. Tuna ekee, kikapu cha kuandalia ugali wa wimbi. Tuna muziki wa benga wa Ekegusii ulioenezwa na marehemu Christopher Monyoncho. Tuna pia historia ya Otenyo Nyamaterere, aliyemchoma mkuki afisa wa mkoloni, Northcote, mwaka 1908, na ya Moraa wa Ng'iti aliyewahimiza vijana kupigana. Hadithi hizi ni mali kama lilivyo jiwe, na zinaweza kuwa michezo ya kuigiza, filamu na ziara za watalii.

2. PIGA HESABU KABLA YA KUTAJA BEI

Wachongaji wengi hutaja bei kwa kumtazama mnunuzi usoni, au kwa kuangalia jirani ameuza kwa ngapi. Jaribu njia nyingine. Chukua kalamu uandike gharama zote. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, weka zako.

Tuseme unatengeneza bakuli kubwa la matunda. Jiwe ni shilingi 300. Kulibeba kutoka machimboni ni shilingi 100. Msasa na nta ni shilingi 80. Mama anayesugua na kung'arisha unamlipa shilingi 200. Hapo umetumia shilingi 680. Wewe mwenyewe umefanya kazi siku mbili, na ungekwenda kibaruani ungelipwa shilingi 600 kwa siku. Ongeza shilingi 1,200. Gharama halisi ya bakuli hilo ni shilingi 1,880, kabla ya faida yoyote.

Sasa dalali anakuja na shilingi 1,200 mkononi. Ukizipokea, ukitoa zile 680, unabaki na 520 kwa siku mbili, yaani shilingi 260 kwa siku. Huenda ukalazimika kuuza hivyo kwa sababu mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Lakini utauza ukijua umepoteza kiasi gani, na mwezi ujao utajua bei ya kuipigania.

Dalali naye si adui. Yeye hulipa usafiri, hubeba hasara ya vitu vinavyovunjika njiani na hungoja miezi kabla ya kuuza. Tatizo huja pale ambapo mchongaji mmoja mmoja anakabiliana naye peke yake. Wachongaji kumi wakikubaliana bei ya chini ya bakuli la kipimo fulani, mazungumzo hubadilika.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa, nayo ni afya. Vumbi la jiwe huingia mapafuni. Fanya kazi mahali penye hewa, lowanisha jiwe kila inapowezekana, funika pua na mdomo, na usiruhusu watoto kucheza penye vumbi. Mashimo yaliyoachwa wazi hujaa maji na huweza kuua. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, wachimbaji wadogo wanaweza kuomba kibali cha uchimbaji mdogo. Kikundi chenye kibali kina sauti kubwa zaidi kinapodai njia salama za kuchimba na kufukia mashimo.

3. SHERIA INALINDA NINI?

Tutenganishe mali ya mtu binafsi na mali ya jamii.

Mali ya mtu. Ukitunga wimbo na kuurekodi, ukichonga sanamu ya ubunifu wako au ukiandika mchezo, Sheria ya Hakimiliki inakulinda tangu kazi hiyo ilipopata umbo linaloonekana au kusikika. Haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako, ikiwanufaisha warithi wako. Kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) hakuleti haki mpya, lakini kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Picha yenye tarehe ya kila kazi unayoimaliza nayo ni ushahidi. Ipige kwa simu yako.

Kwa wanamuziki kuna jambo la kushika. Kufuatia marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022, wimbo wako ukitumiwa kama mlio anaousikia mtu anayepiga simu, msanii anastahili kupata angalau asilimia 52 ya mapato. Ikiwa kuna mtu aliyepakia nyimbo zako kwa niaba yako, mwombe akuonyeshe hesabu na mkataba. Kama hakuna mkataba, anza kuuandika leo.

Mali ya jamii. Hakuna mtu mmoja aliyebuni obokano, ribina wala ufundi wa kusuka ekee. Hizi ni za jamii nzima. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Kazi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inasema kwamba mtu wa nje anayetaka kuzitumia kibiashara sharti apate kwanza ridhaa ya jamii iliyopewa maelezo kamili, na agawane nayo manufaa. Sheria hiyohiyo inaipa kaunti kazi ya usajili wa kwanza wa maarifa na kazi za kitamaduni za watu wake, na ya kuzihifadhi na kuzitangaza. Ulinzi haungoji usajili, ila rejista husaidia kuthibitisha kitu ni cha nani.

Je, jambo hili ni la kweli au ni la vitabuni tu? Kumbukeni kisa cha kikoi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la vazi hilo la pwani kama alama yake ya biashara nchini humo. Kama ingefaulu, Mkenya anayepeleka vikoi huko angeweza kuzuiwa kutumia jina ambalo babu zake walilitumia. Wakenya na marafiki zao walipinga na ombi hilo halikufika mwisho. Jina la Kisii nalo lina thamani sokoni. Sheria ya Alama za Biashara inaruhusu chama cha wazalishaji kusajili alama ya pamoja, ili mnunuzi ajue kwamba bakuli lenye alama hiyo limetoka kwa wachongaji halisi. Kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI), lakini lazima kwanza kuwe na chama chenye kanuni za ubora zinazokubaliwa na wanachama wake.

4. KAZI YA KAUNTI NA JINSI YA KUIDAI

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne limezipa kaunti shughuli za kitamaduni, burudani za umma, maktaba na makumbusho. Kwa hiyo mwananchi anapoiuliza kaunti inafanya nini kuhusu sanaa, haombi hisani. Anauliza kuhusu kazi ambayo kaunti imepewa na Katiba.

Lakini kazi isiyo na bajeti hubaki kwenye karatasi. Barabara, dawa na maji vina watetezi wengi katika vikao vya umma. Ni nadra kumsikia mtu akisimama kutetea ukumbi wa mazoezi au soko la wachongaji. Wasanii wengi hufika ofisini mwezi wa tano au wa sita, wakati vitabu vinakaribia kufungwa. Zikateni tarehe hizi na kuzibandika ukutani:

• Kufikia tarehe 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unawasilishwa katika Bunge la Kaunti. Mradi wako uwe umependekezwa kabla ya hapo.
• Kufikia tarehe 28 Februari: waraka wa mwelekeo wa fedha unawasilishwa. Hapa ndipo viwango vya juu vya kila idara hupangwa.
• Kufikia tarehe 30 Aprili: makadirio ya bajeti yanafika bungeni, kisha kamati husikiliza maoni ya umma.
• Kufikia tarehe 30 Juni: bajeti inapaswa kuwa imepitishwa. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Katika kikao cha umma dakika zako ni chache. Hotuba ndefu kuhusu umuhimu wa mila hupigiwa makofi na kusahaulika. Karatasi moja iliyoandikwa vizuri huingia kwenye faili. Mfano:

“Sisi kikundi cha wachongaji 24 wa wadi yetu, wanaume 13 na wanawake 11, tunapendekeza kibanda cha kuonyeshea na kuuzia kazi zetu karibu na kituo cha magari mjini. Kwa sasa tunauzia kando ya barabara bila paa. Tunaomba: (1) eneo la kudumu, (2) paa, meza na kufuli, (3) kibao cha barabarani. Sisi tutachangia: mawe ya sakafu, kazi ya mikono, na usafi wa kila siku. Tutajua mradi umefaulu iwapo baada ya mwaka mmoja kila mwanachama atakuwa ameuza moja kwa moja kwa mnunuzi angalau mara moja kwa mwezi.”

Pendekezo hilo linasema ni nani, wanataka nini, wapi, watachangia nini na matokeo yatapimwaje. Mpe mwakilishi wadi nakala, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

5. SOKO LA KWANZA LIKO NYUMBANI

Mji wa Kisii uko katika njia panda ya barabara za Kisumu, Migori, Keroka na Kilgoris. Kila siku maelfu ya abiria hupita. Wengi wanalijua jiwe la Kisii kwa jina lakini wanaondoka bila kuliona. Shule, hoteli, makanisa na ofisi zetu zinanunua vikombe vya ushindi, zawadi, mapambo na samani kila mwaka. Sehemu tu ya manunuzi hayo ikielekezwa Tabaka, itawalisha watu wengi.

Kwa manunuzi ya serikali, sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa zabuni za kaunti, angalau asilimia 20 ya bajeti ya ununuzi hutengewa wakaazi wa kaunti. Ili kuzifikia, kikundi kinahitaji kusajiliwa, kuwa na akaunti ya benki, nambari ya siri ya KRA na cheti cha AGPO kutoka Hazina ya Kitaifa. Kikundi cha kijamii chini ya sheria ya mwaka 2022 kinahitaji wanachama wasiopungua 10. Anzieni katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu.

Vikundi vya ngoma vina shida ya aina yake. Siku za Madaraka, Mashujaa na Jamhuri huitwa kuburudisha, na katika harusi na mikutano pia. Mara nyingi malipo huwa nauli, soda na ahadi. Mpiga picha, mwenye hema na mwenye vipaza sauti hulipwa siku hiyohiyo, kwa sababu walikuja na ankara. Nanyi njooni na karatasi. Iandikwe tarehe, mahali, muda wa kucheza, idadi ya wachezaji, malipo, kiasi kitakacholipwa kabla, nauli na chakula. Ongezeni mstari mmoja: je, mwalikaji anaruhusiwa kurekodi na kuweka video mtandaoni? Pande zote mbili zitie sahihi. Na sisi tunaoalika vikundi, tujifunze kuweka burudani katika bajeti ya hafla kama tunavyoweka hema.

6. TUJIFUNZE KWA JIRANI

Mwaka 2014, ngoma ya Isukuti ya jamii za Isukha na Idakho, kule Kakamega, iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Orodha hiyo si ya sifa pekee. Ni kengele ya hatari inayosema kwamba wachezaji na waundaji wa ngoma wanapungua na vijana hawachukui nafasi zao. Tujiulize ni vijana wangapi katika kata yetu wanaoweza kuunda obokano, achilia mbali kuipiga.

Kule Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na mwezi wake unajulikana, Februari, katika Ngome Kongwe. Msafiri anaweza kupanga safari mapema, mwenye hoteli anajua ni lini ataajiri wahudumu zaidi, na msanii anajua anafanyia mazoezi siku gani. Tamasha dogo lenye tarehe inayojulikana hufaa kuliko tamasha kubwa linalotangazwa wiki moja kabla.

Shule nazo ni mlango. Tamasha za muziki na za drama tayari huwafunza maelfu ya wanafunzi nyimbo na michezo. Katika mtaala mpya, shule za upili za juu zina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwalimu anayemwalika mchongaji au mpiga obokano darasani, na kumlipa hata kidogo, anamwonyesha mwanafunzi kwamba ufundi huo ni kazi kama kazi nyingine.

7. ZOEZI LA NYUMBANI: MREKODI MZEE MMOJA

Huu ndio mtihani wa somo hili. Kabla ya mwezi kwisha, mtembelee omogaka au omong'ina mmoja anayejua wimbo, ufundi au hadithi. Fuata hatua hizi:

(a) Nenda kwanza kumsalimia bila simu mkononi. Mweleze unataka nini na kazi itahifadhiwa wapi. Akikataa, heshimu.
(b) Mahali pawe tulivu, mbali na redio na barabara.
(c) Mwanzoni mwa rekodi, taja tarehe, mahali, jina lake na lako, na umwombe aseme mwenyewe kwamba ameridhia.
(d) Muulize alifundishwa na nani, wimbo ulitumika lini, na ni nani aliyeruhusiwa kuuimba. Maelezo haya ndiyo hupotea kwanza.
(e) Mwache aseme Ekegusii. Tafsiri inaweza kungoja.
(f) Weka nakala mbili mahali tofauti, na familia yake ipate moja.
(g) Usiiweke mtandaoni bila ruhusa yake.

Ofisi ya utamaduni ya kaunti ndiyo mahali pa kuulizia usajili chini ya ile sheria ya mwaka 2016. Ukifika na rekodi yenye maelezo kamili, utakuwa umemrahisishia afisa kazi, nawe utaweza kufuatilia imefikia wapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tangu Januari, taasisi yako imenunua zawadi au mapambo gani? Ni kipi kati ya hivyo kingeweza kutengenezwa hapa?
2. Kwa bei mnayouzia sasa, mchongaji na mama anayesugua wanabaki na shilingi ngapi kwa siku?
3. Mkipewa dakika tatu katika kikao cha bajeti, mtaomba jambo gani moja?
4. Ni ujuzi gani katika kijiji chenu unaojulikana na mtu mmoja tu?

Yule mgeni aliyeondoka na saa ya plastiki sijaonana naye tena. Tangu siku hiyo, kila hafla ninayohusika nayo, naanza na simu kwa mchongaji wiki tatu mapema, kwa sababu kazi nzuri haifanywi kwa usiku mmoja. Simu hiyo hunichukua dakika tano.